Nani Anaendesha Lori la Nyuma

5 Desemba

Mdogo wangu Mkasi,

Leo ndiyo siku yetu ya hukumu, na najua nawe huko uliko umeinama unaandika. Sheria ni ile ile aliyoiweka Baba tangu enzi zake za kuendesha mtambo wa sinema: barua zetu zitiwe posta siku moja, zipishane njiani, asiwepo wa kumwiga mwenzake. Taji moja kwa kilichokufurahisha kuliko vyote mwaka huu, Takataka moja kwa kilichokuvunja moyo. Hakuna kudanganya, na hakuna kuhukumu kitu ambacho hukukitazama mpaka majina ya mwisho yakapita.

Takataka yangu haikunipa kazi kuichagua. Ni ile filamu ya wapenzi wanaoagana kwenye uwanja wa ndege. Wanaagana mwanzo, wanaagana katikati, na ukidhani sasa mmoja ataondoka tukapumzike, ndege inaahirishwa wanaanza upya. Nilikwenda na mwenzangu wa dukani, yule tunayechonga naye vioo vya miwani. Yeye alilala akakoroma mpaka watu wakageuka. Mimi nilikaa macho, nikasoma majina yote mpaka la dereva aliyewabeba waigizaji, kwa sababu sheria ni sheria. Nilimhurumia dereva huyo, jina lake limeganda kwenye kitu kama kile.

Taji langu mwaka huu si filamu, wala si gemu nililolicheza mimi. Ni lile la malori mawili ulilotuma pamoja na mashine ya gemu, na Taji lenyewe nakupa wewe.

Nikueleze kwa nini. Unajua kwamba tangu Baba apigwe na kiharusi mkono wake wa kulia umelala na ulimi umekuwa mzito. Mtaalamu wa viungo alisema apewe chochote kitakachochezesha vidole. Nilimletea mpira wa sponji, akaurusha dirishani. Nilimletea shanga za kutunga, akanitazama mpaka nikaona haya. Ulipotuma mashine ya gemu nilisema kimoyomoyo kwamba umetutumia sanamu mahali pa mtu, maana nilikuomba uje wewe. Nilikuwekea kinyongo, mdogo wangu, na sikukificha vizuri kwenye simu.

Sasa kila jioni, akishakula, namwekea mto chini ya kiwiko na padi ya kuchezea mapajani, tunangoja jina lako liwake pembeni mwa skrini. Likiwaka anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaotii. Lori lake linatangulia, lako linafuata, mnapanda ule mlima wenye kona. Kipaza sauti hakitaki kabisa. Anaona aibu na ulimi wake, ndiyo maana hata simu zako hapokei, lakini honi anaipiga vizuri kuliko wengi wanavyosema. Wewe unapiga moja, yeye anajibu mbili. Akianguka kwenye kona, unamngoja. Humsukumi, humharakishi, unasimama tu mpaka ainuke. Wewe uliyekuwa huwezi kungoja chai ipoe, umejifunzia wapi subira hiyo?

Juzi alishika kijiko kwa mkono wa kulia. Chakula kingi kiliishia kwenye shuka, lakini alikishika. Mtaalamu ameuliza tumefanya nini, nikamwambia ana mtoto wa kiume. Kinyongo changu nimekifuta, na nakuomba radhi.

Njoo utakapoweza. Sasa siombi kwa hasira.

Dada yako

*

5 Desemba

Dada yangu, jaji mkuu usiye na huruma,

Shikamoo, na shikamoo ya Baba umfikishie.

Takataka ya mwaka huu naitoa nikiwa nimevaa kofia ya mkosaji, kwa sababu ni filamu niliyoikatia kionjo mwenyewe. Unajua kazi yangu: napewa filamu nzima, nachomoa vipande vya kuwatia watu hamu, kisha wanapanga foleni. Hii ilikuwa filamu ya jasusi anayesahau jina lake. Ilikuwa na dakika mbili nzuri, na zote mbili nilizitia kwenye kionjo. Waliobaki ukumbini walitazama mtu akitafuta funguo. Nilisimama mlangoni siku ya kwanza kuwasikia watu wakitoka, na bwana mmoja akawa anauliza kwa sauti ile filamu aliyoonyeshwa imekwenda wapi. Bosi wangu alinipongeza.

Taji nampa fundi wa lifti. Filamu nzima ni mwanamke fundi na mzee aliyekwama kati ya ghorofa mbili. Hawaonani. Yeye yuko juu na bisibisi, mzee yuko ndani ya giza, wanazungumza tu kupitia mwanya. Hakuna risasi, hakuna busu, hakuna hata muziki. Anakaa naye tu mpaka umeme urudi. Nililia, dada, mimi ninayekata vilio vya watu kwa kipimo. Nilitoka nikataka kumpigia Baba simu palepale, nikakumbuka kwamba hapokei.

Kuhusu magemu sina la kutangaza, isipokuwa niwaombe radhi kwa lile la malori nililolifunga pamoja na la mpira. Nililijaribu hapa kwenye nakala yangu kabla ya kuwatumia yenu nikachoka kabla ya mlima wa kwanza. Sikulimaliza, kwa hiyo kisheria siwezi kulihukumu, lakini kati yetu sisi, nani anataka kuendesha lori polepole baada ya kazi? Bila shaka lingali kwenye karatasi yake, liacheni humo. Mimi na Baba tumeridhika na mpira wetu kila jioni. Jana alinifunga bao la kichwa, sijui kaliotea wapi. Nilimwachia kidogo, usimwambie.

Kazi imenikaba koo. Mwezi ujao, au ule wa baadaye, nitaomba ruhusa nije. Naahidi.

Mdogo wako,
Mkasi

*

16 Desemba

Mkasi,

Barua yako imefika. Kama kila mwaka, nilimsomea Baba kwa sauti. Alifurahia yule bwana wa mlangoni, akafurahia na fundi wa lifti, akanionyesha kwa kidole nirudie pale pa mwanya. Nilipofika kwenye malori nikakohoa, nikasema mwandiko wako mbaya, nikaikunja.

Gemu la mpira lipo kabatini, chini ya mashuka. Nimelitoa nikaligeuza huku na huku. Karatasi yake haijachanwa hata kidogo. Sasa niambie, hilo bao la kichwa ulifungwa na Baba yupi?

Jioni ile ile lori la nyuma lilikuja kama kawaida. Jina lako likawaka, Baba akacheka, honi ikalia mara moja. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono nisije nikasema kitu. Kila jioni nimekuwa nikiliangalia lori hilo nikijiambia, angalia mdogo wangu alivyobadilika. Nimewasimulia majirani. Nimemsimulia mtaalamu wa viungo, nimewasimulia na wateja wenye miwani wasiohusika. Kumbe nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nani anaendesha lori la nyuma? Nataka jibu zima. Usinikatie kionjo.

Dada yako

*

24 Desemba

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii na kuichana mpaka karatasi zimeniishia, hii ni ya kuazima.

Anayecheza ni Mwokaji. Ndiye tunayekaa naye nyumba moja, chumba cha pili. Anafanya kazi ya kuoka mikate, anaondoka alfajiri na anarudi mchana, kwa hiyo jioni yupo. Siku ya kwanza nilichelewa kazini nikamwomba aingie kwa jina langu ampe Baba kampani, isionekane nimemtupa. Hilo lilikuwa jambo la siku moja.

Siku ya pili nilikuwapo. Nilikaa na padi mkononi, jina la Baba likawaka, na nikashindwa kubonyeza. Wewe umekaa naye kila siku, umezoea. Mimi mkono ninaoujua ni ule uliokuwa ukipitisha mkanda wa filamu kwenye mtambo, gizani, bila kutazama, huku akitusimulia hadithi. Sikutaka kuuona ukikosa kitufe. Nikampa Mwokaji padi nikatoka nje. Tangu hapo, ikifika saa ile, natoka. Sikuwahi kuuliza wanacheza nini. Yeye anapenda mpira, nikajua ni mpira.

Ulipomsimulia kila mtu sifa zangu hukuniuliza, dada, na mimi nani wa kukataa sifa? Nilidanganya, sawa. Lakini hebu tuseme kwa utulivu. Baba anacheka. Kijiko ameshika. Mtaalamu ameridhika. Sasa aliyeumia ni nani?

Nakuomba usimwambie. Si kwa ajili yangu, kwa ajili yake.

Mkasi

*

2 Januari

Kwako unayeitwa Mwokaji,

Sikujui kwa sura wala kwa jina la kuzaliwa. Anwani hii ni ya ndugu yangu, na nimeandika kwa juu kwamba asiifungue. Safari hii namwamini kwa sababu barua imefungwa kwa gundi ya dukani, ile tunayobandikia fremu.

Umekuwa ukiingia nyumbani kwangu kila jioni tangu siku za joto zilipoanza. Umemwona baba yangu akianguka na kuinuka, ukamngoja kwa subira niliyoisifu nikidhani ni ya ndugu yangu. Mimi niliyekuwa nimekaa karibu nikishangilia nilidhani nimekaa na familia yangu. Umenifanya nimwombe radhi mtu asiyestahili, na umemfanya mgonjwa ampende mtu ambaye hayupo. Sijui ulilipwa nini. Kama hukulipwa kitu, ndiyo mbaya zaidi, maana wewe ulifanya kwa kupenda.

Ndugu yangu ananiuliza aliyeumia ni nani. Sijamjibu, na sitamjibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nimeifua na kuipiga pasi mwenyewe.

Ninachokuomba ni kimoja. Usiwashe tena. Baba nitamweleza mimi, nikipata maneno.

Dada yake Mkasi

*

10 Januari

Dada,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, ninachojua ni unga, kwa hiyo nivumilie.

Nimeacha siku ile ile barua yako ilipofika. Mkasi alinikuta nimeisoma, akaniuliza umesema nini, nikampita. Hatuongei sasa. Tunapishana jikoni kama watu wa nyumba mbili.

Sikulipwa kitu, na nakuapia sikujua kama ni uongo. Mkasi aliniambia Mzee anajua. Aliniambia amekwisha mweleza kwamba mimi ni rafiki yake, na Mzee amesema karibu. Nilipomuuliza mbona natumia jina lake, akasema kufungua akaunti nyingine ni usumbufu. Mimi nikaona sawa. Kila Mzee aliponipigia honi mbili nilijua ananisalimia mimi, mgeni wake. Barua yako ndiyo imenifahamisha kwamba sikuwahi kusalimiwa. Nimefikiria jambo hilo nikikanda unga, nikifunga tanuri, na bado sijui niliweke wapi.

Tulianza na malori kwa sababu Mzee aliyachagua. Mimi mpira ndio niupendao, lakini ukialikwa unakula ulichowekewa. Mwanzoni nilidhani ni mzembe, anaanguka ovyo kwenye kona. Halafu nikaona kwamba akianguka huzima taa za lori. Kwenye gemu lile taa hazina kazi yoyote mchana, kwa hiyo nikajiuliza anazimia nini. Nikaelewa kwamba hataki kutazamwa. Basi na mimi nikawa nazima zangu, tunakaa hivyo mpaka awashe yeye. Hiyo ndiyo subira unayoizungumzia. Haikuwa subira, ilikuwa kumwachia mtu mzima nafasi yake avae shati.

Siku moja tulifika kileleni. Nilidhani tumemaliza, nikataka kuzima nikalale, kwa kuwa kazi yangu inaamka kabla ya jogoo. Majina ya watengenezaji yakaanza kupita. Mzee akapiga honi ndefu, nikarudi. Tukakaa pale mpaka jina la mwisho likapita. Mkasi aliponieleza baadaye kwamba hiyo ni sheria ya nyumbani kwenu, nilifurahi, nikasema basi nimeshaonyeshwa sheria za nyumba.

Baba yangu mimi simkumbuki, alitutoka nikiwa mdogo, na sikuandikii hili ili unihurumie. Nalisema ili ujue kwa nini sikuwahi kuchoka.

Ukimweleza Mzee, usimwambie nilikuwa namwonea huruma. Sikumwonea. Alikuwa ananishinda.

Wako,
Mwokaji

*

11 Januari

Dada,

Najua hutaki kuniandikia. Usiniandikie, nisome tu.

Kuanzia wiki ijayo nacheza mimi. Nimembadilishia mwenzangu zamu, nimemwambia bosi kwamba jioni sipatikani hata filamu iungue. Hutamweleza Baba chochote, kwa sababu hakutakuwa na cha kumweleza. Aliamini kwamba ni mimi, basi itakuwa ni mimi. Uongo ukishakuwa kweli si uongo tena.

Mwokaji alinisimamisha kwenye ngazi akataka kunieleza mambo ya honi na taa. Nikamwambia yule ni baba yangu, sihitaji kufundishwa na mpangaji namna ya kukaa na baba yangu. Kwa hiyo nimekosana na yeye pia, mwaka umeanza vizuri.

Mwekee mto chini ya kiwiko. Jioni ya tarehe 19 nitawasha.

Mkasi

*

22 Januari

Mkasi,

Nilimwekea mto, na sikumwambia kitu. Jioni zote ambazo lori la nyuma halikuja, tangu Mwokaji alipoacha, Baba alikuwa ameshika padi akitazama ile pembe ya skrini. Nilimdanganya kwamba mtandao umekatika, nikijifunza kwako. Maneno ya kumweleza niliyaandaa dukani, nayachonga pamoja na vioo, na kila nikifika nyumbani yananikauka. Kwa hiyo uliposema utawasha, moyo wangu, pamoja na hasira zote nilizonazo, ulitulia. Nilisema afadhali achelewe kuliko asije.

Jina lako likawaka. Baba akacheka, mpaka machozi yakamtoka upande ule usiotii. Akapiga honi mbili kabla hujapiga moja. Ukajibu kwa honi nyingi, nadhani na wewe ulifurahi. Sikulaumu kwa hilo.

Mkaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza ukawa unamkaribia sana kwa nyuma. Kwenye ya pili ukapiga honi ya kumwambia aende, na kwa kuwa alikuwa taratibu ukampita, ukatangulia, ukasimama huko mbele ukimngoja na taa zimewaka. Nadhani ulitaka kumwonyesha njia. Akaanguka. Akazima taa. Wewe ukarudi mbio, ukamsogelea, ukammulika, ukaanza kumsukuma kwa lori lako ili umtoe mtaroni. Kila alipojaribu mwenyewe ulimsukuma tena. Najua ulikuwa unasaidia. Nilikuona kabisa, ni wewe mtupu, ndivyo ulivyokuwa ukinifunga viatu tukiwa wadogo hali mimi ndiye mkubwa.

Baba akaweka padi juu ya blanketi.

Nikamuuliza amechoka? Akatikisa kichwa. Nikamwambia endelea, mwanao anakungoja. Akaitazama skrini muda mrefu, akanyoosha kidole, kile cha mkono wa kulia, kinachotetemeka, akakielekeza kwenye jina lako. Ulimi wake ukahangaika kama unavyohangaika siku zote, nami nikawa namsaidia kubahatisha: maji, mto, choo. Akakasirika. Kisha neno likatoka zima, wala halikuburutwa.

"Mwizi."

Nikamwambia hapana Baba, ni Mkasi huyo, jina lake hilo hapo. Akatikisa kichwa tena. Akasema, kipande kwa kipande, na mate yakimtoka, kwamba mwanawe anamngoja. Kwamba mwanawe huzima taa. Kwamba huyu ameiba jina la mwanawe, na nisimruhusu.

Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, Mkasi. Nilikuwa na barua ya Mwokaji kwenye mfuko wa gauni. Ningeweza kumwambia, yule aliyezima taa hakuwa mtoto wako, huyu anayekusukuma ndiye. Nilimtazama uso, nikaona kwamba nikisema hivyo nitamwondolea mtoto na sitampa mwingine. Nikaiacha barua mfukoni. Nilikulaumu kwa uongo wako, na sasa nimeukalia mimi, nimeutandikia na shuka. Hilo sitakusamehe upesi.

Ukawasha tena jioni iliyofuata, na ile ya baada yake. Uliona lori la mbele limesimama tu chini ya mlima, labda ulidhani mtandao. Mtandao ulikuwa mzima. Alikuwa ameketi, padi mapajani, anakutazama, hataki kukufungulia njia. Honi zako zote alizisikia.

Juzi nimemwandikia Mwokaji. Nimemwomba radhi, nikamwomba arudi, na nikamweleza arudi kama nani. Sijui kama atakubali, ana kila sababu ya kukataa. Nimemwambia pia kwamba salamu zile zilikuwa zake, maana Baba ameonyesha hivyo bila kujua. Akikubali, mwachie padi, utoke nje kama ulivyozoea.

Barua hii isingeandikwa leo. Nilikuwa nimekata shauri kukaa kimya mpaka nijisikie. Imeandikwa kwa sababu ameniagiza Baba. Asubuhi alinishika mkono nikiwa natoka kwenda dukani, akanirudisha, akanionyesha kalamu. Amengoja mpaka nikaketi, na alichosema nimekiandika kama alivyokisema, polepole, bila kumkamilishia neno.

"Mwambie mwanangu. Kuna mtu anajifanya yeye. Awe macho."

Nimekwambia.

Dada yako